Ng'ombe Wasio na Mchungaji

Mwanne binti Rajabu alikuwa na vitabu sita, na hakuna hata kimoja alichoweza kukisoma. Hilo halikumnyima usingizi. Vilikuwa vitabu vya watoto, vimejaa picha kubwa kubwa za rangi, na maneno machache ya Kidachi, lugha ya Wajerumani, yaliyoandikwa chini yake aliyachukulia kama kunguni kitandani: yapo, lakini si kwa ajili yao umelala pale.

Alivipata kwa bibi mmoja wa Kidachi, mke wa fundi wa reli, ambaye Mwanne alimlelea watoto mwaka ule gari la moshi lilipofika Dodoma. Reli iliposonga mbele kwenda Tabora, fundi akahama na jamaa zake, na kasha la vitabu likabaki kwa yaya. Mume wa Mwanne, fundi cherehani aliyeitwa Mgeni, alitaka kasha lile atilie vitambaa. Mwanne akamwambia vitambaa vina miguu, vitafute pa kukaa.

Tangu hapo akina mama wa mjini wakawa wanamjia. Mtoto ameachishwa ziwa analia mchana kutwa, mtoto anapiga wenzake, mtoto haongei na wageni: wote walipelekwa kwa Mwanne, naye akawa mgumu kuliko karani wa boma. Hakuazimisha kitabu kabla hajamwona mtoto. Angemkalisha mkekani, amtazame mikono na macho, kisha achague.

"Huyu kapata mdogo wake juzi, ana wivu," angesema. "Mpe kuku na vifaranga. Akikipenda, wiki ijayo njoo uchukue bata, ni ndugu yake huyo, ila ana maji. Asipokipenda, usimlazimishe, mpe gari la moshi."

Kulikuwa na kitabu cha watoto wanaocheza kwenye ardhi nyeupe, ambayo watoto wote wa Dodoma waliona ni chumvi ya Bahi, na Mwanne akaona si kazi yake kuwabishia. Kulikuwa na cha mbwa anayeogeshwa, dawa ya watoto wanaokimbia maji. Na cha sita kilikuwa cha ng'ombe. Kwa miaka mitatu hakukosea hata mara moja, na watu walimsifu. Lakini wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku moja akaja Bartolomayo, Mgogo wa Ipagala, mtu aliyebatizwa karibuni na bado akilivaa jina lake jipya kwa uangalifu kama shati la Jumapili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani wangu," alijibu Mwanne, maana yeye ni Mnyamwezi, na baina ya Wanyamwezi na Wagogo utani haukosi. "Umepotea njia? Mnada wa ng'ombe hauko huku."

Bartolomayo hakucheka. Binti yake Loisi, mwenye miaka mitano, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa bapa la nyumba yao ya tembe akavunjika mguu. Mganga wa mifupa ameuweka sawa na kuufunga kwa vijiti, akasema mtoto alale chali mpaka mwezi uandame mara mbili. Akiinuka mapema, atachechemea maisha yake yote. Lakini Loisi alikuwa mchunga ndama. Kila ndama wanapolia nje, anataka kuinuka.

"Nimesikia una vitabu vya kutuliza watoto," alisema. "Nisaidie, mama. Sina mwingine ila huyu. Ni wa pekee."

Mtoto hakuwapo pale, na hangeweza kuletwa. Sheria ya Mwanne ilikuwa wazi. Ila siku ile alikuwa na haraka, na moyoni alijiona amefuzu: Mgogo umpe nini kama si ng'ombe? Akatoa kile kitabu cha sita, akakifunga kwenye kitambaa, akampa. Hata hakuuliza swali la pili.

Baada ya siku tatu Bartolomayo akarudi, amekunja uso.

"Kitabu chako kimetaka kuniulia mtoto," alisema. "Nimemfungulia ukurasa wa kwanza tu, akapiga kelele, akainuka kusimama! Vijiti vimefyatuka. Mganga kaufunga upya, na anasema safari hii amebahatika. Ya pili haitakuwapo."

Akakiweka kitabu mkekani mbele ya Mwanne. Mgeni, aliyekuwa akishona barazani, alisimamisha cherehani. Kesho yake alfajiri Mwanne alijitanda kanga, akatia vitabu vyote sita kwenye kikapu na kwenda Ipagala kwa miguu. Njia nzima alijisema. Mzee mzima, anapima mtoto kwa kabila la baba yake!

Alimkuta Loisi ndani ya tembe, amelazwa kwenye ngozi, macho makali yameelekea mlangoni.

"Shikamoo, bibi," alisema mtoto bila kugeuka.

Mwanne akaanza kazi. Kuku: Loisi alitazama, akarudisha macho mlangoni. Bata vilevile. Mbwa alimchekesha kidogo. Chumvi alisema ni nyingi mno, watu wangegombana. Gari la moshi alikwishaliona kwa macho, na lile la kweli lina kelele. Nje ndama akalia, na kiwiliwili cha mtoto kikaanza kujivuta. Baba yake akamshika mabega.

Hapo Mwanne akafanya ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Akauliza.

"Mjukuu wangu, kile cha ng'ombe, kwa nini uliinuka?"

Loisi alimtazama kwa mshangao. "Wamo shambani kwa watu, bibi. Na mchungaji hayupo."

Mwanne akakifungua kitabu. Ng'ombe walikuwa wamesimama katika majani mabichi yaliyowafika magotini, majani ya Uzunguni, manene na ya kijani kibichi. Katika nchi hii ya vumbi, ni kitu gani huwa kibichi hivyo isipokuwa mtama wa mtu? Na kweli, mchungaji hakuwapo, wala fimbo, wala hata mbwa. Miaka mitatu aliitazama picha ile akaona ng'ombe tu. Mtoto alikuwa ameona kesi, faini na viboko.

Dawa ya moto ni moto. Mwanne alivuta pumzi.

"Umesema kweli. Hawa wameachwa, na mimi sijui kuchunga. Utanichungia?"

"Ndiyo," alisema Loisi, na tayari alikuwa akijiinua.

"Taratibu! Ng'ombe hawa ni wa Kidachi, huchungwa kwa kulala chali. Mchungaji akisimama, hawamwoni tena, wanaingia mtama wote. Akilala akawakazia macho, hawathubutu."

Loisi alifikiri sana. Kisha akalaza kichwa, akapokea kitabu, akakishika juu ya uso wake kwa mikono miwili. Nje ndama alilia tena. Mtoto hakugeuka. "Subiri," alimjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. "Nina kundi jingine."

Bartolomayo alitoka nje haraka, kwa sababu mwanaume wa Kigogo hapendi kuonekana akilia mbele ya mtani wake.

Mwezi uliandama mara ya kwanza, na mara ya pili. Mwanne alihesabu siku bila kumwambia mtu, na kila alipokwenda Ipagala kumtazama mtoto alirudi akiwa na matumaini zaidi, ingawa mguu ulikuwa bado kwenye vijiti na hakuna aliyejua utatoka vipi.

Kisha jioni moja akamwona Bartolomayo akija njiani na fimbo begani, na mbele yake, kwa miguu yake mwenyewe, Loisi amekumbatia kitabu. Hakukitoa mara moja.

"Hesabu kwanza, bibi," alisema. "Kundi halikabidhiwi bila kuhesabiwa."

Mwanne akafungua ukurasa, akahesabu kwa kidole. "Wanane. Wametimia."

"Tisa," alisema Loisi, akaweka kidole chake nyuma ya shina la mti, pale ambapo kilionekana kipande cha mkia na kwato moja. "Huyu mkorofi. Nisingekuwapo angepotea."

Mwanne hakuwa amewahi kumwona. Alimshukuru mchungaji wake na kupokea ng'ombe tisa. Loisi, aliyekwisha kutua mzigo, aligeuka na kukimbia kumfuata baba yake, ambaye alishaanza safari ya kurudi, naye Mwanne akasahau kitabu mkononi, akawa anaitazama ile miguu miwili ikipiga vumbi, wa kulia na wa kushoto, sawasawa.