Kinyama Jichoni

Kariakoo, ukisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, wewe ni dokta. Hakuna anayekuuliza ulisomea wapi. Mimi cheti changu ni cha kuuza dawa tu, lakini niliitwa dokta tangu wiki ya kwanza na sikuwahi kumsahihisha mtu. Nililipenda jina lile. Aibu yangu inaanzia hapo.

Mbele ya duka letu kulikuwa na mama mmoja wa Magomeni aliyeuza mihogo ya kukaanga. Jua la mchana lilimpiga usoni mwaka nenda mwaka rudi. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo mama," naye akanijibu, "Marahaba dokta wangu." Mtu wa rika la mama yangu mzazi, na mimi nachekelea.

Siku moja aliingia akijifuta jicho la kushoto kwa ncha ya kanga. "Dokta, jicho linawasha. Kuna kinyama kimeota humu."

Duka lilikuwa limejaa. Nilimtazama nikiwa palepale nyuma ya kaunta, nikaona wekundu, nikamwambia kwa sauti ya mjuzi kwamba ni moshi wa mafuta na vumbi. Nikampa matone makali ya kuondoa wekundu, yale yasiyotakiwa kutolewa bila karatasi ya daktari. Baada ya siku tatu aliniletea mihogo ya shukrani, imefungwa kwenye gazeti. Nikaila yote.

Alirudi kuchukua matone mara ya pili, na ya tatu. Wekundu ulikuwa unaondoka, kinyama kinazidi kukua. Miezi ilikuwa imeshapita nilipokuja kukiona vizuri, tena kwa bahati tu, tumesimama nje kwenye mwanga. Kando ya weusi wa jicho palikuwa na kitu cheupe kilichoinuka, kina ukoko, mishipa minene imekizunguka. Kesho yake nilimpeleka hospitali mwenyewe.

Daktari wa macho alimdondoshea rangi ya bluu, kinyama kikaishika rangi ile, sehemu nyingine ya jicho ikabaki safi. Akasema anahofia ni saratani ya ule utando unaofunika weupe wa jicho. Kingewahiwa kikiwa kidogo kingekatwa, kikapelekwa maabara, na jicho lingepona. Sasa kilikuwa kimeingia ndani.

"Matone haya alikupa nani?" daktari akamuuliza.

Mama alinitazama. "Nilinunua tu mtaani," akasema.

Nami sikumsahihisha. Hilo linaniuma hata kuliko matone yenyewe.

Majibu ya maabara yalikuwa yaleyale aliyoyahofia. Jicho likatolewa.

Sasa amerudi kwenye mihogo yake, na miwani nyeusi. Juzi aliniletea mwenzake anayeuza vitunguu, jicho jekundu. Nilimtoa nje kwenye mwanga, nikamfunua kope taratibu, nikaona kinyama kidogo cheupe. Sikumuuzia kitu. Nilimwambia aende kliniki ya macho siku hiyohiyo, kikatwe na kipimwe mapema. Nikaongeza kwamba mimi si dokta, nauza dawa tu.

Mama akacheka. "Msikilize huyu," akamwambia mwenzake. "Ndiye aliyeniokoa mimi."

Nilifungua mdomo nimweleze ukweli. Wateja walikuwa wamejaa kwenye kaunta. Nikarudi ndani, nikauliza nani anafuata.