Sarafu Yenye Adabu

Mwalimu wetu wa hesabu za uwezekano chuoni hurekodi masomo jikoni kwake, simu kaiegemeza kwenye birika. Sarafu huipuliza kwanza, kama mtu apozaye chai, ndipo airushe mara kumi. Katika video zote sita ilitoka picha mara tano, namba mara tano. Sarafu ina adabu kuliko sisi. Ila katika ya sita, mumewe alisikika toka sebuleni: "Mke wangu, bado tu haijatoka tano kwa tano? Hii mara ya nane, nataka birika!" Mwalimu akakohoa, akaendelea kurusha. Tulicheka mbavu hatuna. Mtihani ulipofika, swali la kwanza lilikuwa hili: "Kokotoa uwezekano wa sarafu kutoka tano kwa tano katika video zote sita, bila mwalimu wenu kudanganya."