Tangazo la Ndani ya Ndoo

Niseme kwanza, kabla hamjanidhania mtu wa maana: ile sauti nzito iliyowaambia watu wa Likoni wazime simu na wasikanyage feri ilikuwa yangu. Haikuwa ya serikali, wala ya mtaalamu wa mitambo. Ilikuwa yangu mimi Twaha, nimechutama nyuma ya choo cha uani kwetu Kisauni, kichwa chote kimezama ndani ya ndoo ya Mama ya kuoshea mchele.

Najua kuna mtu mzima atakayesoma hapa aseme, kijana wa sekondari naye ana enzi zake? Ninazo, na wa rika langu mnazikumbuka. Ni zile siku sauti zetu zilipoanza kukatika, ukilianza neno ukiwa mwanamume unalimaliza ukiwa mbuzi. Tulicheza kati, aliye katikati akikwepa mpira wa soksi, mpaka mwadhini akatufukuza na adhana. Tulikula mahamri ya Bibi yakiwa bado yanachoma vidole, tukipokezana kama makaa. Nikirudi nyumbani magharibi miguu imekuwa myeupe kwa vumbi, Mama hunisimamisha mlangoni: "Hiyo miguu umeiazima kwa nani? Kairudishe kwa mwenyewe, kisha uingie na yako." Watoto wa siku hizi wana miguu misafi kama sahani za wageni. Mpira wenyewe wanaucheza wakiwa wamelala kitandani, kwa kidole gumba.

Basi ilikuwa Ijumaa moja, katika siku hizo hizo, kompyuta za sehemu nyingi duniani zikakwama kwa pamoja. Televisheni ilionyesha viwanja vya ndege vya Ulaya, watu wazima na suti zao wamelala sakafuni wamekumbatia mabegi, na nyuma yao vioo vimegeuka buluu vyote. Kwetu Kisauni hakukuwa na kilichokwama. Stima ilikuwepo, maji hayakuwepo, kama kawaida. Lakini jua halikutua kabla hofu haijafika.

Kila nyumba iliipokea kwa namna yake. Jirani yetu Mama Kevo, aliyekuja pwani na mumewe kutoka bara, alirudi kutoka dukani na unga wa kulisha kikosi cha jeshi. "Aki jameni," alisema akihema, "dunia ikizima, wangu watakufa wakiwa wameshiba ugali." Mwenye duka naye alikuwa akinakili namba za simu za wateja wake ukutani kwa makaa, kwa kuwa alisikia simu zitasahau majina ya watu. Bibi yangu naye alikuwa na lake. Alichukua kanga akaifunika televisheni, vile vile anavyofunika kioo cha kujitazamia mvua ya radi ikianza.

"Bibi, hii si radi," nikamwambia.

"Kioo ni kioo," akajibu. "Na hicho kina umeme ndani. Kaa kando."

Nilicheka nusura nianguke. Wallahi, sikuwahi kuona watu wazima wakiwa watamu kiasi kile. Hofu yao niliiona kama mchezo walioanza bila kunialika, na mimi sipendi kuachwa nje ya mchezo.

Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na jambo kubwa kuliko kompyuta. Dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, na kesho yake Jumamosi, baada ya adhuhuri, watu wa kijana walikuwa waje kuleta mahari. Wazee wao, mashangazi zao, na mama wa kijana mwenyewe, Bi Amina. Baba yangu alikuwa safarini na trela lake, mbali, huko mpakani, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia Mama. Alikuwa ameazima majamvi nyumba hadi nyumba. Alikuwa ameagiza mbuzi. Alikuwa amepaka kuta chokaa kwa mikono yake, na nywele zake zilikuwa na madoa meupe wiki nzima. Mama yangu ni mtu anayeweza kuvumilia njaa asimwambie mtu, lakini hawezi kuvumilia kuonekana ameshindwa na wageni.

Jioni ile ya Ijumaa, Kevo akaja na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kevo ni mtoto wa Mama Kevo, na kazi yake katika maisha ilikuwa kunitia ujinga. Akaniambia, "Buda, wewe huigiza mtu wa taarifa ya habari. Hebu tuwatishe watu wa timu." Sauti yangu peke yake ingetutia aibu, ndipo nikaikumbuka ndoo. Ukisema ndani ya ndoo, hata mbuzi anakuwa waziri. Nikaivaa kichwani, Kevo akaisogeza simu ukingoni, nami nikaanza:

"Ndugu wananchi. Hili ni tangazo la dharura. Kompyuta za dunia zimeanguka. Feri ya Likoni inaongozwa na kompyuta, na kuanzia kesho asubuhi itasimama katikati ya maji, na haijulikani itaondoka lini. Zimeni simu zenu mpaka magharibi, la sivyo zitaungua mikononi. Kaeni majumbani mwenu. Asanteni."

Kevo aliuma kola ya shati asicheke. "Umeua! Umeua kabisa!" Akaituma kwa kundi la timu yetu, tukaenda zetu kucheza.

Mtaniuliza, hukufikiria kwamba wageni wenu wako ng'ambo ya feri hiyo hiyo? Haikunipitikia. Feri ilikuja mdomoni kwa sababu ilikuwa kubwa na inaelea. Ningekuwa na jambo jingine kubwa linaloelea ningelitaja hilo.

Asubuhi ya Jumamosi uani kulinukia kitunguu, bizari na moshi wa kuni. Mashangazi walikuwa wamekuja na leso zao za kazi, na mimi nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikikuna nazi. Mama Kevo akaingia mbio. "Mama Zuhura! Umesikia? Wametangaza watu wazime simu mpaka jioni, ama ziungue!"

"Nani katangaza?" Mama akauliza bila kuacha kugeuza nyama.

"Mtu wa serikali. Mimi sijaisikia mwenyewe, nimeambiwa, lakini wanasema ana sauti nzito kweli kweli."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikayasingizia vitunguu vilivyokuwa mbali nami. Bibi hakungoja. Alikusanya simu za nyumba nzima, akazizima, akazifunga katika kanga na kuzitia kabatini. Mama akataka kukataa, kisha akasema, "Haya, wageni wenyewe njia waijua," akarudi kwenye sufuria yake.

Hapo ndipo kicheko kilinikauka. Nikaikumbuka ile sentensi ya feri.

Ningeweza kusema wakati ule ule. Kulikuwa bado na saa nyingi, na mtu angeweza kuvuka na kuwaambia watu wa Mtongwe kwamba ni upuuzi wa mtoto. Ningechapwa mwiko mmoja, yakaisha. Lakini Mama alikuwa akiimba. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kitu ambacho hakukifanya tangu Baba asafiri. Nikajiambia haidhuru, watu wazima hawawezi kuamini ndoo. Nikaendelea kukuna nazi hata ilipobaki kifuu.

Adhuhuri ikapita. Majamvi yalikuwa yametandikwa, chetezo kikitoa moshi wa udi, halwa imefunikwa kwa kitambaa. Zuhura alikuwa chumbani, mikono na miguu imejaa hina, asumini kichwani, amekaa wima kama aliyeambiwa akisogea atavunjika. Pilau ilikuwa imeiva, ikapunguziwa makaa, ikaongezwa tena, ikapunguzwa tena.

"Foleni ya feri hiyo," Mama alisema. "Watakuja."

Baada ya muda akasema tena, "Foleni ya Jumamosi waijua ilivyo," ingawa hakuna aliyemuuliza.

Zuhura aliniita dirishani. "Twaha, ndugu yangu, hebu nenda barabarani ukatazame. Ukiwaona njoo mbio uniambie." Nikaenda. Nilisimama kando ya barabara kwenye jua, nikitazama kila gari kwa makini, na nilijua hakuna linalokuja. Niliporudi nikamwambia bado. Akaniambia ahsante. Hiyo ahsante ninayo mpaka leo.

Alasiri ilipoingia, mashangazi walianza kuongea kwa macho. Kisha kwa midomo. Mmoja alikuwa akipepea nzi kwenye halwa, akasema kana kwamba anawaambia nzi, "Watu wa ng'ambo wakibadili nia hutuma mtu aseme. Hata mtoto wa kutumwa hawana?" Mwingine akasema, "Yawezekana wamesikia jambo kuhusu msichana." Walisema polepole, lakini dirisha la Zuhura lilikuwa wazi. Nikasikia bangili zikivuliwa, moja baada ya moja, zikiwekwa mezani. Mama naye alizisikia. Alisimama katikati ya uani na mwiko mkononi, asijue aende kwa bintiye au abaki mbele ya wale wanawake.

Na mimi bado sikusema. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko ndoo. Ndoo ilikuwa utoto. Kunyamaza nilikufanya nikiwa na akili zangu zote.

Mama akaenda kabatini, akafungua kanga ya Bibi, akawasha simu. "Iungue," alisema. "Iungue nami niungue nayo." Haikuungua. Ikalia papo hapo, na alikuwa Bi Amina. Mama akaiweka kwenye sauti kubwa, nafikiri ili mashangazi wasikie wenyewe na wasije wakaongeza chumvi.

"Bi Rukia, nisamehe mimi!" Bi Amina alikuwa karibu kulia. "Tumevaa tangu asubuhi, mahari tumeyafunga, wazee wamekaa na kofia zao. Kumekuja tangazo ati feri itakwama majini. Mzee mkubwa akasema hatuwezi kuwapandisha wanawake na watoto. Kukupigia nako twaogopa simu zisiungue. Sasa hivi kijana wetu mmoja katoka Mtongwe akaenda mpaka kivukoni, karudi atwambia feri zaenda na kurudi kama siku zote. Nimekutumia tangazo lenyewe, lisikize, uone vile tulivyochezewa."

Mama akakata simu, akalifungua. Ile sauti ya waziri ikatoka: Ndugu wananchi. Nilitamani ardhi ya Kisauni ifanye ufa mdogo tu, wa saizi yangu. Tangazo likaenda mpaka mwisho, kaeni majumbani mwenu, asanteni. Kisha, kwa mbali, kitu ambacho mimi na Kevo hatukujua kwamba simu imekinasa: sauti ya mwanamke akipiga kelele kutoka jikoni. "Weee! Ndoo yangu ya kuoshea mchele iko wapi?" Na yule waziri, kwa sauti ya mbuzi kabisa, akajibu, "Naam Mama, naja!"

Hakuna aliyenitazama isipokuwa Mama. Mashangazi wote walitazama chini, na mmoja alijiziba mdomo kwa leso. Bibi alitikisa kichwa taratibu.

Simu ikalia tena. "Umesikia?" Bi Amina akauliza. "Na wasema ilianzia huko kwenu Kisauni. Waijua sauti hiyo, Bi Rukia? Mtoto gani huyo asiye na mamake?"

Mama aliendelea kunitazama. Angeweza kunitaja, na angekuwa na haki. Lakini kunitaja kulikuwa ni kumwambia Bi Amina kwamba nyumba anayotaka kumwolea mwanawe ndiyo iliyomfungia mlango. Mashangazi walikuwa wanangoja.

"La," Mama akasema. "Siijui."

Wakakubaliana waje Jumamosi ya pili, na wakaja, na Mama akapika tena, sufuria ndogo zaidi. Siku ile ya kwanza, mimi ndiye niliyetembeza pilau kwa majirani, sahani baada ya sahani, na kila mlango ukaniuliza wageni wamekwenda wapi. Zuhura ameolewa sasa, yuko Mtongwe, ana mtoto mwenye mashavu. Nikimtembelea hunipokea kwa "Karibu, ndugu mwananchi," na hucheka yeye, mimi sijaweza.

Siku hizi mambo ni mepesi. Wadogo zetu wana vitu ndani ya simu vinavyoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, hata ya imamu, bila ndoo na bila jasho. Wanatuma, wanasahau, wanatuma nyingine. Enzi zetu ulilazimika kuchutama nyuma ya choo ili utishe watu, na uongo wako ulirudi nyumbani jioni ile ile, ukapigwa kwa sauti kubwa mbele ya waliokulea. Sijui kama ilikuwa afadhali. Najua tu kwamba hakuna anayewaita hawa kutoka jikoni tangazo likiwa linaendelea, na wakati mwingine, nikiwaona wamejiinamia kila mmoja na mwanga wake usoni, nawaonea huruma.

Mama hakunichapa. Nilirudisha sahani ya mwisho, nikaiosha, nikasimama karibu naye nikingoja. Alikuwa akikunja majamvi ya watu. Hakuinua kichwa.

"Leo nimekukana mbele ya watu, mwanangu, na ulimi wangu haukukwama," alisema. "Usinifanye nizoee."