Magunia Meusi ya Saturnina

Saturnina Huallpa ni jirani yangu, na sijapata kuona mwanamke mbishi kama yule. Mgodi ulipochafua mto wetu na lama, wanyama wetu wa sufu na mizigo, wakaanza kuharibu mimba, wengi walifunga virago wakashuka mjini. Yeye alikataa katakata. "Mto ulikuwapo kabla ya hao wa mgodi. Kwa nini nihame mimi?"

Mpwa wake Yeni, anayesoma chuo, ndiye aliyemfundisha: mifupa ya lama ikichomwa bila hewa hugeuka mkaa, na mkaa huo hunasa madini ya risasi yaliyomo majini. Mara ya kwanza Saturnina aliichoma kwenye moto wa wazi, kama tunavyochoma sadaka ya Mama Ardhi, ikatoka majivu meupe yasiyofaa kitu. Mara ya pili aliitia chunguni, akaziba mfuniko kwa udongo. Ikatoka myeusi. Akaiponda, akaiosha, akaijaza kwenye pipa lenye bomba chini, akamimina maji ya mto juu yake. Tangu hapo ndiyo anayokunywa.

Lakini mkaa nao huchoka. Alipoubadilisha, alifanya tunachofanya sote na kila kinachotoka motoni: aliumwaga kwenye matuta ya viazi. Yeni aliposimuliwa alifoka kwenye simu mpaka nikamsikia nikiwa uani kwangu. "Shangazi! Sumu yote imo humo!"

Saturnina alipiga magoti akazoa tuta zima kwa mikono, huku akilia kwa hasira na kuiomba ardhi radhi. Kuanzia hapo mkaa uliochoka aliufungia kwenye magunia nyuma ya nyumba.

Mwezi uliopita Injinia Zegarra wa mgodini alikuja kwenye mkutano wa kijiji na karatasi yake. "Tumepima maji ya kwa Mama Saturnina," alisema akitabasamu. "Ni safi kabisa! Kwa hiyo mto ni mzima. Wekeni sahihi, na lile lori la maji safi tunalowaletea halina haja ya kuja tena." Mwenyekiti alikwisha kushika kalamu, na mimi, nasema kwa aibu, nilikuwa tayari kumfuata.

"Umeyachota wapi hayo maji, baba?" Saturnina aliuliza.

"Kwenye bomba la pipa lako, Mama."

"Ahaa. Umepima kazi yangu, sifa ukaupa mgodi!" Akatoka nje.

"Kanuna huyo," mtu mmoja alicheka.

Hakuwa amenuna. Alirudi na lama watatu wamebeba magunia. Alitandika blanketi lake kwanza, maana ardhi haina kosa, kisha akamwaga mkaa mbele ya viatu vya injinia.

"Haya, huu ndio mto wenu. Miaka mitatu nawatunzia. Mbona hamkuupima huu?"

Injinia alirudi nyuma hatua mbili. Mzee Fermín, anayependa kujionea kila kitu, aliinama achukue kidogo.

"Usiguse, mzee!" injinia alipiga kelele. "Hiyo ni sumu!"

Injinia mwenyewe alionekana kushtushwa na mdomo wake. Mwenyekiti alirudisha kalamu mfukoni.

Saturnina alimnyooshea injinia viganja vyake. "Mimi niliuzoa kwa mikono hii, na hukuwapo kunikataza. Sasa chukua karatasi yako uliandike hilo neno ulilosema. Likishaandikwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuweka sahihi."