Uzi wa Bluu

Harufu ya oili ya gia ikinipata popote, namwona mama yangu, fundi wa injini za mitumbwi pale Katwe, kando ya ziwa. Mwanajeshi wa doria ya ziwani alimletea injini iliyokuwa ikiingiza maji kwenye gia. Mama akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akaichovya kwenye beseni; mapovu yakatoka nyuma ya propela. Alipoifungua, akakuta uzi wa bluu umejizonga humo na kukata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Ulikuwa uzi wa wavu wetu, tuliouokota ziwani umechanika vipande.

"Afande, nyinyi mulipita juu ya wavu yangu."

"Funga mdomo! Tengeneza!"

Akatengeneza. Akaichovya tena, hakuna povu. Halafu, afande akitazama, akanikalisha chini akanisuka nywele kwa uzi ule ule.

Kesho yake akanituma sokoni. "Pita mbele ya kambi yao," akasema, "na kichwa usifunike."