Mpoza Vyumba

Wananchi watukufu, kwa heshima na taadhima inatangazwa kwamba tatizo la makazi limekwisha. Limekwisha kwa wenye nyumba. Ninyi wengine mnaombwa muwe na subira, na mkishakuwa nayo kila mtu aibebe mwenyewe kichwani, maana hakuna pa kuiweka.

Miongoni mwa walioibeba subira hiyo mpaka shingo ikapinda alikuwa mjane mmoja mpiga pasi, goti moja bovu, ambaye mtaa ulimwita Mama Mkunjo kwa sababu mkunjo wa suruali aliyoinyoosha yeye ungeweza kukata mkate. Mchana kutwa alisimama kwenye duka la dobi akinyoosha mashati ya watu wenye makabati. Jioni alirudi kwa mtoto wa dada yake, akakaa kwenye kona na kungoja wageni waondoke ndipo ajipenyeze nyuma ya kochi alale. Mtoto wa dada hakumsema vibaya. Ila kochi lilikuwa likisogezwa ukutani kidogo kidogo, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye anayelisogeza.

Ndipo dalali mmoja, kijana mwenye funguo nyingi kama mlinzi wa jela, akampa kazi isiyo na jina la heshima. Mtu akifia chumbani vibaya, wapangaji hukikimbia chumba na kodi hushuka. Basi Mama Mkunjo anawekwa humo bure. Anapika, anaanika nguo, anasalimia majirani, asubuhi anaonekana mzima na meno yake yote. Watu wanasahau, kodi inapanda tena, chumba kinapata mpangaji wa maana, naye anafungasha. Dalali aliiita kazi hiyo kupoza chumba. Taabu ya mama ni kwamba kazi aliiweza mno. Vyumba viwili alivipoza kabla hata mkono haujazoea swichi ya taa iko upande gani.

Cha tatu kilikuwa cha marehemu fundi saa, mzee aliyefia kitini akakaa hapo mpaka harufu ikamwitia watu. Kiti kilikuwepo bado, na meza yake yenye skrubu ndogondogo zilizokwama kwenye nyufa za mbao. Na dirisha lilikuwepo. Lilitazama ukuta wa jirani, lakini asubuhi jua lilidunda kwenye ukuta ule likaingia ndani kama mgeni asiye na haya. Mama Mkunjo alisimama kwenye jua lile akanyoosha mikono yote miwili, isiguse kitu. Akaapa kwamba chumba hiki hakipoi ng'o.

Kwa hiyo akaanza kukipasha moto. Pale bombani alimweleza msusi wa chumba cha pili, kwa sauti ya kumfikia na aliyekuwa chooni, kwamba yule mzee bado yumo. Kila giza likianza kuingia anapapasa mezani, anatafuta miwani yake. Habari ya miwani aliitunga palepale, ndoo ikijaa. Angeweza vilevile kusema anatafuta kofia.

Msusi hakucheka. Alifunga bomba.

"Mama, hiyo ya miwani umeambiwa na nani?"

Mama Mkunjo akashika mpini wa ndoo. Msusi akaeleza, macho kwenye ndoo, kwamba mzee alipoteza miwani siku zake za mwisho, na bila miwani hakuona hata mlango ulipo. Ukuta wao ni mbao nyembamba tu. Alikuwa akimsikia anavyopapasa meza, mwanzo mpaka mwisho, halafu anaanza upya.

"Nilitaka kwenda kumtafutia," alisema. "Nilikuwa nasuka kichwa cha mteja."

Jioni hiyo Mama Mkunjo alikuwa amepanga mashati ya kazi juu ya meza, pasi inapata moto, aliposikia kiganja kikavu kikipita juu ya mbao. Kilipita taratibu, kikagonga rundo la mashati, kikasita. Shati la juu likabonyea katikati, kama linaloguswa na mtu anayejiuliza hiki nini. Nywele zilimsimama mama mpaka kilemba kikainuka. Miguu ikageukia mlangoni. Kisha akakumbuka nyuma ya kochi.

Akayabeba mashati, akayahamishia kitandani.

"Samahani, mzee wangu," alisema. "Nimekuzibia njia."

Kiganja kikaendelea.

Wakaishi hivyo, wapangaji wawili wasiolipa. Akipapasa yule, huyu ananyoosha. Ila siku moja mama alipofagia chini ya dirisha, ufagio ukakokota kitu kutoka kwenye upenyo wa sakafu. Ilikuwa miwani, kioo kimoja kimepasuka, mkono mmoja umefungwa uzi. Nyuma yake kupapasa, kulikoanza siku hiyo giza likiwa bado mbali, kukakoma ghafla. Kiti kililia kama kilichoachwa na mtu anayesimama.

Alijua la kufanya. Aiweke mezani, mzee aipate, apumzike. Mzee akipumzika chumba kimepoa, na chumba kikipoa yeye ni nyuma ya kochi. Akaifunga miwani kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akaendelea kufagia. Tangu siku hiyo kiganja hakikuishia mezani. Kilipapasa ukuta, kikapapasa kitanda, na akilala, kilipapasa blanketi upande wa pindo.

Dalali alikuja bila hodi, na mke na mume na mtoto analia mgongoni. Mama Mkunjo alifurahi kimoyomoyo, subiri waone. Wala hawakusubiri sana. Mbele ya wote kiti kilisogea chenyewe, na vumbi la mezani likachorwa vidole, kimoja kimoja, kuelekea kwao. Dalali aliegemea mlango. Mtoto akaacha kulia.

Mke aliitazama ile michoro kwa makini.

"Maji hapa tunalipa kwa kichwa," akasema. "Huyu naye anahesabiwa?"

Dalali, kwa sauti iliyobaki, alisema hapana.

"Basi tunachukua. Kiti kitoke, tunaweka kitanda cha watoto."

Mume akakibeba kiti mpaka jalalani, akatema mate, akarudi kupima kona. Meza ikafuata. Mama Mkunjo alifungasha pasi na sufuria yake maana hila yake yote ilikuwa imeshindwa na watu waliokata tamaa kumzidi.

Kwenye ngazi, dalali alimbebea furushi na kuanza hotuba. Akamsifu kwa utumishi uliotukuka, akamwahidi chumba kingine mara tu mtu atakapofariki, inshallah karibuni. Kisha akaikatiza hotuba, akageuza shingo. Walikuwa wawili kwenye ngazi zile, na hatua zilikuwa za watu watatu. Nyuma kabisa kiganja kikavu kilikuwa kikifuata ukuta, kikitafuta njia.

"Mama," alinong'ona, "nyuma yako kuna mtu anapapasa."

Mama Mkunjo alilishika fundo la pindo lake, akashusha goti bovu kwenye ngazi ya chini.

"Najua, mwanangu. Na yeye kapandishiwa kodi."