Mkono Haukufika Sikioni

Juzi hapa Mashimoni nilimpeleka mjukuu kuandikishwa shule, wakaitisha cheti cha kuzaliwa. Sisi enzi zetu tuliitishwa sikio. Mwalimu, aliyenuka chaki na tumbaku, alisema, “Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la pili.” Rafiki yangu Halima alishika, akaingia darasa la kwanza. Mkono wangu uliishia kwenye nywele.

“Vuta basi, wewe!” Halima akanipigia kelele.

“Huyu bado. Rudi mwaka ujao,” mwalimu akasema.

Nilidhani mkono wangu una kasoro, kumbe walikuwa wanapima umri. Nilikaa peke yangu chini ya dirisha, nikisikia wenzangu wakiimba a, e, i, o, u, huku nikiuvuta mkono.

Mwaka uliofuata mkono ulifika. Lakini mama alikuwa amejifungua, akanipa mtoto nibaki nyumbani nimbebe.